Garimoshi Lililopanda Miembe

Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilianza kujengwa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria Desemba 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na 2,500 hivi kati yao walifia kazini. Mimi ninaijenga upya ndani ya kompyuta, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, chai ya tangawizi iko karibu, na Voi bado sijaiona. Wenzangu wa zamani walikuwa wameshafika Nairobi ilipotimia Mei 1899, tena huku wakiliwa na simba. Mimi naliwa na mbu tu, na bado wamenipita.

Kwa asiyezijua, simuleta za treni ni programu zinazomkalisha mtu kwenye nafasi ya dereva: breki hii, mvuke huu, honi hii, haya endesha. Nyingine humwachia mtu ajijengee njia yake mwenyewe, atandike mataruma, apande miti, asimamishe stesheni na watu wa kungoja. Nimechukua kipande cha Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 hivi, kama kilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Sababu ni moja, nayo ina uzito wa tani 250: Garratt za aina ya 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zote 34, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kwenye reli za upana wa mita moja, dunia nzima, hakuna kichwa cha mvuke kilichozishinda nguvu. Zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukasimame karibu na gurudumu la mojawapo, halafu urudi uniambie kama natia chumvi.

Tabu ilianzia ardhini. Siku hizi hatupimi vilima kwa miguu; tunapakua vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000, ambacho kwa siku 11 kilipima sehemu kubwa ya dunia. Ni kazi ya ajabu na inatolewa bure. Ila rada iliyo huko juu haijui mwembe ni nini. Inapiga majani, inarudi na jibu kwamba ardhi ni hapo. Basi kila penye miti iliyoshonana, mimi nilipata kilima. Treni yangu ya kwanza ilitoka Mombasa kwa heshima zote, ikavuka Makupa, ikapita Changamwe, na kabla ya Mazeras ikaanza kupanda miembe. Inapanda mmoja, inashuka, inapanda wa pili. Abiria wametulia vitini, hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Isitoshe, vipimo hivyo ni nukta moja kila mita 30 hivi. Waliojenga reli walikata vilima na kujaza mabonde ili mpando uwe wa mita moja na nusu kwa kila mita 100, kiasi ambacho aina ya 59 iliweza kukipanda ikiwa na mzigo wa tani 1,200. Lakini mkato wa upana wa mita kumi hupita katikati ya nukta mbili bila kuonekana. Kazi yote ya sululu na karai imekuwa haipo, na ni juu yangu kuirudia kwa kidole, tuta baada ya tuta. Nikisafiri kwa basi sasa, wenzangu wanatazama mbuzi wa Mariakani, mimi natazama mitaro.

Kichwa chenyewe nacho kilikuja na vituko vyake. Garratt ni injini mbili zilizobeba boila moja katikati, ya mbele inapinda kivyake na ya nyuma kivyake; ndiyo siri ya chuma kikubwa vile kupita kwenye kona kali. Programu yangu ilishikilia kwamba kichwa cha treni ni kipande kimoja. Kwenye kona, mbele ikaifuata reli, nyuma ikaenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa watu. Aliyechora mfano ule, Mungu ambariki kwa kuutoa bure, alishauri ugawanywe vipande vitatu na kuungwa. Ukagawanywa. Kufika Samburu boila ikabaki stesheni, na injini ya mbele ikaendelea kuelekea Mackinnon Road bila mvuke wowote. Mwendo wake ukaongezeka.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko chuo kikuu, aliniona nahangaika akajitolea. "Ami, nipe Voi mpaka Mtito Andei. Wikendi moja tu." Jumatatu akaniletea karibu kilomita 100 za reli safi, iliyonyooka, juu ya tuta refu lenye vivuko vya tembo chini yake. Kijana alikuwa ameifuata picha ya setilaiti, na reli inayoonekana vizuri kwenye picha ni ile mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Upana wake ni milimita 1,435. Wa Garratt yangu ni 1,000. Nikaiweka Mount Gelai pale karne mbili zinapokutana, magurudumu yakabaki yanaelea katikati.

"Ami, si reli ni reli tu?"

Sikumjibu. Treni ya zamani ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ilisimamishwa mwaka huohuo wa 2017, na sisi tuliowahi kulala ndani yake hatuna maneno ya kumweleza mtu wa umri huo.

Watoto wa jirani wao hawataki reli, wanataka simba. Programu yangu asili yake ni Australia, kwa hiyo kwenye sanduku la wanyama nilikuta kondoo na kangaruu. Nikaweka kangaruu watatu pale daraja la Tsavo ili watoto wanyamaze. Sasa kila jioni wanakuja kuwaangalia hao. Simba halisi, madume mawili yasiyo na manyoya shingoni, waliuawa na J. H. Patterson Desemba 1898, na leo wako Field Museum, Chicago. Patterson alikuja kudai walikula watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya yao wakakadiria 35 hivi. Ndiyo maana hadithi ya mwindaji mimi huipunguza robo tatu kabla ya kuisimulia.

Mkaguzi hasa alikuwa mjomba wangu, gadi mstaafu wa East African Railways. Nilimpa kiti kizuri, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye skrini.

"Haya, nitoe Mombasa."

Nikafungua mvuke.

"Simama! Nani amekupa bendera?"

Njia ni moja, akanieleza, treni zinapishana stesheni, na dereva haondoki bila kibali cha njia na bendera ya kijani ya gadi. Nikamwambia programu haina gadi. "Basi haina treni," akasema. Mwishowe akavuta leso ya kijani ya mke wangu iliyokuwa kwenye kamba, akasimama nyuma yangu na kuipunga. Tukaondoka.

Hatujafika mbali akauliza saa. Treni ya abiria ilitoka jioni, iweje jua liko utosini? Nikarudisha saa jioni. Kufika Mariakani ni giza. Taru ni giza. Mibuyu niliyoipanda mmoja mmoja, vichuguu, mbuzi, vyote vimemezwa, hakionekani kitu ila taa ya mbele. Hapo kwa mara ya kwanza mjomba akatabasamu. "Sasa ndiyo yenyewe."

Mackinnon Road akaudhika tena. Kando ya reli pale pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambaye hadithi husema karai lake la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa bila kukigusa. "Tangi la maji umeweka, kaburi hukuweka? Sasa dereva apunguze mwendo kwa ajili ya nini?" Kabla sijajitetea, stima ikapotea. Mjomba hakujali. Aliendelea na safari gizani kwa mdomo, Maungu, Voi, chai, watu wanashuka kunyoosha miguu, na hivyo akafika Voi kabla yangu.

Stima iliporudi akatazama mabehewa. Mimi nilikuwa najivunia mabehewa hayo: vitanda vya daraja la kwanza, behewa la chakula lenye vitambaa vyeupe, hadi uma na visu. Akayahesabu toka mbele hadi nyuma.

"Na sisi tumekaa wapi?"

Daraja la tatu halikuwapo. Si kwamba nililisahau; halipo popote pa kulipakua. Wapenzi wa reli walioko Ulaya wamechora kila ribiti ya Garratt, wamechora taa za mezani, lakini benchi la mbao hakuna aliyelichora. Enzi za ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Waafrika walijazana la tatu, pamoja na kuku wao na magunia na mtoto aliyelazwa chini ya benchi. Mjomba alisema treni yangu ni ya watu kumi, na kwamba yeye kama gadi asingeiruhusu kutoka ilhali abiria wote wameachwa stesheni. Naye ana haki.

Picha za Garratt ziko tele. Za ndani ya daraja la tatu ni adimu, maana wenye kamera hawakupanda huko. Kwa hiyo nakuomba, msomaji: kama kwenu kuna albamu ya zamani, ipekue. Ukimkuta babu au bibi amekaa kwenye benchi la treni, usiitupe picha hiyo hata kama mchwa wameanza pembeni. Nataka kujua benchi lilikuwa na mbao ngapi.