Dakika Kumi za Shemeji

Shemeji yangu ni mtu wa dakika kumi. Ukimpigia simu akiwa Mlolongo atakwambia amefika Nyayo, dakika kumi. Basi aliponikabidhi trela lake la kambi, lile linalofunuliwa likawa hema, akasema, "Shemeji, hiki kitu ni dakika kumi tu, chafunguka chenyewe," nilipaswa kukumbuka Mlolongo. Sikukumbuka.

Trela lenyewe alilinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao Afrika Kusini, nchi ambako watu hukokota nyumba nyuma ya gari kama konokono na hakuna anayewacheka. Likiwa limefungwa ni sanduku la bati lenye magurudumu mawili, si kubwa sana kuliko mkokoteni wa muuza maji. Ndani mna godoro, turubai, fito, kamba, vigingi, na jiko la gesi linalovutwa kutoka ubavuni kama droo ya kabati. Kitabu cha maelekezo kilikuwemo pia. Kimeandikwa kwa Kiafrikaans.

Ijumaa tukatoka Nairobi kwenda Naivasha, kilomita 90 hivi, tukashika njia ya chini ya Mai Mahiu. Kwenye mteremko wa Bonde la Ufa trela likaanza kutusukuma mgongoni kama mtu anayetaka kuruka foleni ya benki. Tulipofika kwenye kile kikanisa kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, nilikuwa kwenye gia ya pili na dua ya tatu. Mke wangu akakitazama, akasema hata tukisimama hapo kidogo, sisi na hijabu zetu, Mungu atatuelewa.

Kambini tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Ziwa Naivasha liko jirani sana na Ikweta, hata nyuzi moja haitimii, na huko jua halitui, linazimwa. Kwa hiyo nilikuwa na kama saa moja hivi ya mwanga, yaani dakika kumi za shemeji mara sita. Nikajiona tajiri.

Sasa, kurudisha trela kinyumenyume ni elimu ya kichwa chini miguu juu. Ukitaka liende kulia, unazungusha usukani kushoto. Ukishazoea hivyo, linabadili mawazo. Mke wangu alisimama nyuma akiniongoza: "Kata! Kata yote! Si huko, Baba Amina, kata ya kwako!" Ya kwangu ipi? Na nchi hii gari linalorudi nyuma halikosi wasaidizi. Akatoka mpishi wa mgahawa na mwiko mkononi, akaja kijana wa mashua, akaja mtunza bustani, na kila mmoja akaimba "kata" ya upande wake. Mara ya nne trela lilijikunja likagusa bampa, na mwanangu Salim akatangaza kwa furaha kwamba tumeandika herufi L. Mwisho kijana wa mashua aliuliza kwa upole kama angeweza kulichomoa. Wakalichomoa, wakalisukuma kwa mikono mpaka mahali pake. Nilishasema kwamba linafanana na mkokoteni. Ningelitumia kama mkokoteni tangu mwanzo.

Giza likaingia nikiwa na ufito mkononi. Fito zilikuwa na utepe wa rangi: nyekundu, kijani, njano. Bila shaka rangi zile zina maana yake kwa Kiafrikaans. Mimi nilishika upande wa turubai, mke wangu upande wa pili, Amina akamulika kwa simu, na kila nilipoinua kona moja, kona nyingine ililala chini kama mtoto aliyegoma kwenda madrasa. Tuligombana juu ya ufito wa njano kwa muda ambao wengine huutumia kugawa urithi. Pembeni, juu ya kigoda, mzee askari wa kambi alituangalia. Hakusema neno. Alikuwa amekunja mikono juu ya rungu lake, ametulia kama mtu aliyelipia kiti.

Hema lilisimama saa tatu. Kusema kweli liliinama, kwa sababu kile kigurudumu kidogo cha mbele, kinachobeba shingo ya trela likichomolewa kwenye gari, kilikuwa kimezama kwenye ardhi laini bila mimi kujua. Usiku tukaanza kuteleza kuelekea kichwani, wote wanne, hadi tukakusanyika kwenye kona moja kama mchele pembeni mwa ungo.

Na viboko wakatoka majini. Kiboko dume aweza kupita kilo 1,500, uzito ambao trela letu halifikii hata sisi tukiwa ndani, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Anakoroma kama baba mkwe anayecheka kitu asichotaka kukueleza. Kati yetu na wao palikuwa na uzio wa umeme, na nilipokuwa nikiwaeleza watoto habari za uzio huo kwa sauti ya mtaalamu, taa za kambi nzima zikazimika.

Kimya.

"Baba Amina," mke wangu akanong'ona, "huo uzio watumia umeme upi?"

Nikamwambia wa jua. Nilikuwa sijui.

Jumamosi ilikuwa nzuri na haina habari. Jumapili alfajiri ikanyesha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kufungua ni mchezo tu, kazi ni kufunga. Turubai lililotoka kwenye sanduku lile lilikataa kurudi. Tulilikunja mara mbili, likatokeza kama tumbo la mtu aliyevaa suruali ya ujana wake. Salim akapanda juu yake kulikandamiza. Nikapanda na mimi. Mfuniko ukabaki wazi kiasi cha kupitisha paka.

Nikaenda kwa mzee wa rungu, nikamwamkia, nikamwomba atupe mkono. Akainuka, akalifunua lote, akatoa fito za njano kwanza, akalikunja kutoka kulia, akaacha pande za chini zielekee ndani, akabana mfuniko. Nikatazama saa. Dakika tisa.

"Mzee, mbona hukutwambia tangu Ijumaa?"

"Hamkuniuliza," akasema. "Na mlikuwa mkigombana kama watu wanaojua."

Akaongeza kwamba turubai bichi likikaa kwenye sanduku litaota ukungu, kwa hiyo tukifika nyumbani tulitandaze siku hiyohiyo.

Nyumbani ni ghorofa ya tatu. Saa kumi alasiri hema likasimama katikati ya maegesho, safari hii limenyooka. Nilichosahau ni kwamba jijini Nairobi turubai likisimama uani lina maana mbili tu, harusi au matanga, na harusi hakuna aliyeisikia. Msimamizi wa jengo akazima redio yake, akaanza kuleta viti vya plastiki, kimya, kimoja kimoja. Wazee wawili wa ghorofa ya kwanza wakaketi. Kabla sijapigilia kigingi cha nne, kundi la WhatsApp lilikuwa limeshaundwa na mweka hazina ameshateuliwa. Simu yangu ikalia kunijulisha kwamba nimeongezwa.

Mama wa ghorofa ya chini akaja na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, akamshika mke wangu mkono, sauti ameishusha.

"Poleni sana, mama. Ni nani aliyetutoka?"

"Bado," mke wangu akasema, akipokea sukari. "Kaka yangu anakuja jioni kuchukua trela lake."