Kiboko Hana Miadi

Ukiishi Kajaga, ufukweni karibu na Bujumbura, hukosi wageni. Jamaa zangu wa Tanga, ambao tangu niolewe Bujumbura hawakuwahi kuniuliza hata mvua imenyesha, waliona picha yangu ufukweni, milima ya Kongo ikiwa nyuma, na udugu ukafufuka siku ile ile. Akaja shangazi, akaja binamu na kamera yake, na rafiki wa binamu ambaye mpaka leo sijui alialikwa na nani.

Shangazi alishuka moja kwa moja mpaka majini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Mwanangu, bahari gani hii haina chumvi?"

Nikamweleza kuwa hili ni Tanganyika, ziwa lile lile la Kigoma, kina chake kinapita mita 1,400, na duniani linazidiwa na Baikal tu. Akanisikiliza hadi mwisho. "Na kina chote hicho mmekosa chumvi?" akasema, akaenda kuketi kivulini.

Kesho yake tukaifuata barabara ya Gatumba hadi Hifadhi ya Rusizi. Nilikuwa nimewaahidi viboko, mamba na mwari. Shangazi alipanda boti amevaa jaketi la kuokolea juu ya baibui na kanga juu ya jaketi, utadhani robota la mitumba. Binamu naye alikuwa amesoma habari za Gustave, yule mamba mla watu ambaye Mfaransa Patrice Faye alihangaika kumtega asimpate. Kila baada ya muda anamuuliza nahodha: yuko wapi?

"Akitokea," nahodha akajibu, "hutaniuliza mimi."

Hapo rafiki wa binamu akahamia katikati ya boti, akaushika mkono wa shangazi asiuachie tena.

Mwari walikuwapo, lakini nani amesafiri kwa ajili ya ndege? Kwa upande wa viboko tuliona masikio mawili. Yalitikisika, yakazama. Binamu akapiga picha nyingi sana za maji.

"Nimekaa kwenye basi kutoka Tanga," shangazi akasema, "kuja kuona masikio."

Ili kuokoa heshima ya nyumba nikawapeleka kwenye bustani ya hoteli moja ya ufukweni, yenye bogonvilia na korongo wenye taji wanaotembea katikati ya meza. Tukaagiza samaki aina ya mukeke wa kuchoma na ndizi. "Tazama alivyotengeneza nywele!" shangazi akamsifu korongo. Alipogeuka kuomba pilipili, mwenye nywele akapita na kipande cha ndizi.

Usiku nikasikia kitu kinang'oa nyasi chini ya dirisha la wageni, kra, kra, bila haraka. Kiboko hutoka majini giza likiingia, na kwa usiku mmoja aweza kula kilo 40 za nyasi. Tangu ziwa lilipofurika 2021, na tena 2024, maji yakaingia mpaka sebuleni mwa watu, mpaka kati ya viboko na sisi umebaki kwenye hati za viwanja tu. Shangazi akafunua pazia. Taa ya baraza ilimulika mgongo mpana unaong'aa kwa maji, na mdomo unaonyoa ukoka wangu mstari kwa mstari, kwa uangalifu ambao mtunza bustani wetu hajawahi kuuonyesha.

"Mwanangu, mwambie aondoke."

"Shangazi, si ulitaka kumwona?"

"Nilitaka nimwone kwake!"

Binamu alikuwa chini ya kitanda. Kamera ilikuwa juu ya kitanda.

Asubuhi tukakuta kinyesi mpaka ukutani, maana kiboko hujisaidia huku akipiga mkia. Shangazi alikuwa tayari kwenye simu na Tanga. Kwenye simu ya kwanza kiboko alikuwa mmoja. Kufikia mchana walikuwa wanne, na yeye ndiye aliyewafukuza.

Mnaojiandaa kuja, karibuni, viboko mtawaona. Ila magharibi ikiingia kaeni ndani, msishuke ufukweni na tochi kumtafuta kiboko, wala msisimame kati yake na maji, maana hapo ndipo anapoua watu. Na mkija, nileteeni ukoka wa kupanda.