Waraka kwa Mwenye Nyumba Anayesubiri Kiangazi

Mheshimiwa mwenye nyumba,

Sisi wapangaji wako wa Kiponda tu wazima, isipokuwa watoto wa chumba cha nyuma, ambao kifua hakiwaachi.

Waraka huu nimeuandika hadharani kwa kuwa zile barua za faragha tulizompa msimamizi wako akufikishie hazikupata jibu, na kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe wanayo kauli kama yako. Nikikukwaza uniwie radhi. Umetujua kwa miaka kuwa watu tunaolipa kwa wakati, na ni kwa haki hiyo ninakuomba unisome mpaka mwisho.

Jawabu lako la mwisho kutufikia, kabla ya barua hizo, lilisema tusubiri kiangazi, ukuta utakauka wenyewe. Ni kweli, Mheshimiwa, utakauka. Huko kukauka ndiko kunakouvunja.

Nyumba hii waliijenga wazee wako kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na hunywa maji kutoka juu paa likivuja na kutoka chini ardhi ikilowa. Maji yakipita humo hubeba chumvi, na sisi tuko hatua chache kutoka baharini, hatuna upungufu wa chumvi. Wakati wa masika chumvi hiyo imeyeyuka, imetulia ndani ya maji. Jua la kaskazi likishika, maji hutoka kwa mvuke, chumvi ikabaki na kuganda kuwa fuwele ndani ya vile vitundu. Fuwele zinapokua husukuma, na jiwe haliwezi kuzizuia. Ndiyo maana plasta yetu inadondoka Januari na si Aprili, na kila asubuhi tunafagia unga mweupe chini ya ukuta ambao wewe unaambiwa umepona. Unga ule ni nyumba yako, Mheshimiwa. Tunaizoa kwa kizoleo.

Kisha chumvi ikishaingia haiondoki kwa kuziba tundu la bati. Yenyewe huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata mvua isiponyesha ukuta hutoka mabaka. Mwenye nyumba anayeahirisha msimu mmoja huhesabu kwamba ameokoa fedha za msimu mmoja. Kumbe anaununua ukuta ambao utalowa na kukauka hata baada ya yeye kulitengeneza paa.

Nitakuwa dhalimu nisiposema kwamba uliwahi kutuma fundi. Alikuja na saruji, akapiga plasta mpaka kiunoni, akapaka rangi ya mafuta juu yake, na msimamizi akakupelekea picha. Picha zilikuwa nzuri. Ila chokaa hupumua: hupokea maji na kuyaachia hewani. Saruji pamoja na rangi ile havitoi njia, na maji yaliyokosa pa kutokea yakapanda juu zaidi kuitafuta. Alama ya unyevu iliyokuwa kiunoni sasa iko mabegani. Nasikitika kukuambia kwamba fedha zile zimeiumiza nyumba kuliko kama ungetuacha kama tulivyokuwa, na kwamba fundi mwashi yeyote mzee wa mji huu angekuambia hivyo kabla ya ndoo ya kwanza kuchanganywa, lau angeulizwa.

Hayo ni ya ukuta. Ninachokiogopa zaidi kiko juu ya vichwa vyetu tukilala.

Sakafu za nyumba hizi zimelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vyetu. Katikati ya chumba boriti inaonekana, na ukiitazama kutoka chini utaiona nyeusi, kavu, imara. Lakini vichwa vyake viwili vimezikwa ndani ya ukuta, na ni humo ndani ya jiwe lililolowa ndimo mti unamoanza kuoza. Kuvu inayokula mti haihitaji dimbwi. Inatosha mti wenyewe kubaki na unyevu wa kiasi cha asilimia 20 au zaidi kwa muda mrefu bila kupata hewa. Mchwa nao hupenda palipolainika. Kwa hiyo boriti inaweza kuwa nzima kwa macho huku imeshikilia ukutani kwa kipande kisichozidi kiganja. Tumezigonga zetu moja moja kwa mpini wa nyundo, na ziko zinazoitika utupu upande wa lile bomba la maji ya mvua lililokatika. Upande huo ndiko kiliko chumba cha watoto niliowataja.

Kuhusu watoto hao nitasema machache, kwa kuwa mama yao hapendi habari za wanawe ziandikwe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na likaeleza kwamba wanaoishi humo wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya njia ya hewa, pumu ikiwemo. Rangi mpya haiufikii unyevu ulio nyuma yake, wala dawa ya kikohozi.

Utaniambia kwamba nyumba za mji huu ni nzito, zimestahimili mengi. Basi tuitazame iliyokuwa nzito kuliko zote. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na kwa umeme na lifti yake hapakuwa na jengo la kulinganishwa nayo hapa Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme pale ufukweni kwa muda usiofika saa moja. Majumba ya jirani yakabomoka, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, na Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Ikajengewa mnara wa saa juu ya uso wake. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ikaanguka, makumbusho yaliyokuwemo yakafungwa, na miaka ikapita. Tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa tayari wamo ndani kwa kazi ya kuikarabati, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafariki.

Sisemi kwamba ni maji peke yake yaliyoiangusha. Nasema kwamba jengo lililoshinda mizinga halikuishinda miaka ya kuachwa, na kwamba waliokufa walikwenda kulitengeneza. Ukarabati uliocheleweshwa ni hatari kuliko ukarabati wa mapema, maana fundi anaingia chini ya uzito ambao hakuna anayejua umeshikwa na nini. Siku utakapotuma mafundi wako kwa kuchelewa, utawatuma watoto wa watu.

Najua mko warithi wengi, mmetawanyika Maskati, Dubai na Uingereza, na kila mmoja anamngoja mwenziwe atoe kwanza. Najua pia kwamba historia ya umiliki katika mji huu baada ya 1964 imeacha majeraha na makaratasi mengi, na kwamba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kina hatua zake. Hayo yote nayaheshimu. Lakini kodi ilipopandishwa, warithi mlikubaliana ndani ya wiki moja, na tangazo likabandikwa mlangoni likiwa na saini za wote.

Tumesikia vilevile kwamba mnafikiria kuigeuza nyumba iwe ya wageni, kila chumba na choo chake. Ni haki yenu. Naomba tu mjue kwamba choo juu ya boriti hizi kinaleta maji kila siku ya mwaka, si ya misimu miwili, na kwamba kiyoyozi nacho hudondosha maji ukutani mchana kutwa. Mgeni atakayelala juu yangu atakuwa juu ya boriti zile zile zinazoitika utupu.

Wala kazi hii haishindikani. Jengo la Dispensari ya Kale, lililoanzwa na Tharia Topan katika karne ya 19, lilikuwa limechakaa vibaya kabla ya Shirika la Aga Khan la Utamaduni kulikarabati katika miaka ya 1990. Liko pale Mizingani, linapigwa na upepo wa bahari kuliko sisi, na baraza zake za mbao zinasifiwa na kila apitaye. Mafundi wa chokaa wapo mjini, na wanazo kazi chache kuliko ujuzi walio nao.

Tunachokuomba kina mpangilio wake, na mpangilio huo usigeuzwe. Kwanza bati, michirizi na lile bomba, ili maji yasifike ukutani. Pili boriti za upande wa nyuma zitegemezwe kwa nguzo kabla mtu hajazigusa, kisha vichwa vyake vifunuliwe na vilivyooza vibadilishwe. Tatu plasta ya saruji ibanduliwe, ukuta uachwe upumue, chumvi ipigwe brashi kavu kila inapojitokeza, na ndipo uje kupigwa chokaa iliyorojekwa vizuri. Rangi iwe ya mwisho, nayo iwe ya chokaa.

Kodi ya mwezi huu iko kwa msimamizi wako. Pamoja nayo nimempa karatasi yenye mchoro wa vyumba vyote, na alama penye kila boriti tuliyoitilia shaka. Masika huanza Machi. Familia ya chumba cha nyuma imehamia sebuleni kwangu mpaka fundi atakapofika.

Wabillahi tawfiq.

Wako mpangaji wa ghorofa ya chini,
Kiponda, Mji Mkongwe