Kwa Heshima ya Toleo Jipya

Washairi wetu wamesifu mengi, hata mnazi umepata wa kuuimbia. Lakini toleo jipya la programu ya simu, ambalo huja usiku wa manane bila hodi, likala bando na kuondoka bila kuaga, halijapata hata ubeti mmoja. Leo nalilipa deni hilo, kwa nathari, maana vina vyenyewe vingenichelewesha na simu imeanza kupata moto.

Sifa ndogo nizipitie haraka. Toleo jipya ni jasiri: hutaka kuingia hata pasipo na nafasi. Halina kinyongo, ukiliambia "Baadaye", baadaye linarudi kweli, jambo lililowashinda mafundi cherehani wengi ninaowafahamu. Tena hunoa ubongo wa wazee, kwani kitufe walichokizoea kulia hukihamishia kushoto, na kikizoeleka huko hukificha ndani ya vistari vitatu.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni sitara. Kwetu anayesitiri aibu ya mwenzake huheshimiwa, na hapa toleo jipya limewapita masheikh na mapadri kwa pamoja. Soma maelezo yake uone kilichobadilika: "Tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji." Basi. Hitilafu gani? Ilianza lini, ilimuumiza nani, aliileta nani? Hakuna jina lililotajwa wala mtu aliyeaibishwa. Fikiria amani ambayo nchi ingepata kama sote tungeiga adabu hii. Fundi bomba angefumua ukuta, akaacha jiko limejaa maji, akapokea chake na kusema ameboresha utendaji. Mume angerudi alfajiri, akaulizwa alikokuwa, akajibu kwa upole kwamba kulikuwa na hitilafu na imerekebishwa. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayetuchosha kila mwaka kwa ripoti nene zenye majedwali, angetuletea mstari mmoja tu, wabunge wakapiga makofi, tukaenda kula.

Nilikuwa nikiitafakari sitara hiyo kwenye dirisha la duka la dawa, foleni ikiwa nyuma yangu, pale programu ya benki fulani ilipogoma kufunguka. Sasisha ili uendelee, ikasema. Hifadhi ilikuwa imejaa, nikafuta picha za harusi ya mdogo wangu. Bando likaisha katikati, nikanunua jingine. Ilipofunguka nikatafuta hilo jambo la dharura lililonizuia kulipia dawa, na kipya pekee nilichokiona ni tangazo la mkopo, kubwa, la rangi ya machungwa, limekalia mahali pa kitufe cha kulipia. Wallahi, mtu mzima nilitaka kulia.

Ndugu zangu wa kompyuta watanikumbusha kwamba matoleo mengine ni dawa, na wana haki. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo na kuvuruga hospitali za Uingereza ambazo hazikuwa zimeweka kiraka hicho. Sawa. Lakini Julai 19, 2024, ni sasisho lenyewe, la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, lililozima kompyuta zipatazo milioni 8.5 na kuzuia ndege zisiruke. Na Apple ilikiri mwaka 2017 kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa. Kosa la kutowaambia wateja liliigharimu faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa mwaka 2020. Dawa, ajali na tangazo la mkopo vinakuja katika chupa moja, lebo ileile. Mnywaji atajuaje?

Cha ajabu, mabwana hawa wa programu wenye kauli fupi si mabubu. Wakija kufungua ofisi Afrika wana maneno ya kujaza gazeti. Aprili 2021 Twitter ilitangaza kwa shangwe kwamba kituo chake cha Afrika kitakuwa Ghana. Novemba 2022, siku chache baada ya wafanyakazi kuanza kuitumia ofisi yao ya Accra, karibu wote waliachishwa kazi, kwa barua pepe. Kuingia kulikuwa na ngoma, kutoka kukawa na sitara. Wala si ofisi tu zinazoachwa: Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10, ikisema wenye kompyuta zisizokidhi vigezo vya Windows 11 wanunue mpya au wajiandikishe kupata muda kidogo wa nyongeza. Mwenye steshenari anayechapa barua za kuombea kazi za mtaa mzima kwa mashine ya mtumba hakualikwa kwenye mkutano wa habari.

Kwa hiyo waheshimiwa, nawaomba mistari mitatu tu katika kila toleo: mliharibu nini, mmerekebisha nini, na simu zipi mmeamua kuziacha. Kiswahili mnacho, kwani menyu zenu zimejaa Kiswahili. Bando nitanunua mwenyewe.