Pikipiki ya Kilosa na Mikumi: Matunzo na Maradhi Yake

Pikipiki ya abiria imeundwa kubeba watu wawili. Kati ya Kilosa na Mikumi hubeba dereva, mama, mtoto, gunia la mahindi na jogoo, kisha mwenyewe hushangaa inapoanza kukohoa.

Matunzo huanza na oili. Injini ndogo kama hii huchukua takriban lita 1, na lita hiyo hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Hupimwa chombo kikiwa wima, mahali tambarare. Kikiegemezwa stendi ya pembeni kipimo hudanganya, na dereva huondoka akipiga mluzi. Moshi wa buluu ukitoka kwenye ekzosi, injini inaunguza oili, na mluzi hukoma.

Kiangazi adui ni vumbi. Ea klina ikiziba, injini hukosa hewa, hubugia petroli, hutoa moshi mweusi na kugoma mlimani. Ya sponji hufuliwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri; ya karatasi hukung'utwa tu. Cheni nayo iache mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati. Ikilegea huruka meno ya sproketi. Ikikazwa kwa hasira humaliza beringi. Kuipaka oili chafu iliyomwagwa kwenye injini ni kuipaka msasa, kwani vumbi lote la njiani hunata hapo.

Pikipiki ikikataa kuwaka, watazamaji wote hugeuka mafundi. Mmoja hulaumu plagi, mwingine kabureta, wa tatu jirani mwenye kijicho. Wa nne, mtoto wa shule, hutikisa tangi na kusikia kimya. Ndiyo maana ukaguzi hufuata mpangilio: kwanza mafuta na koki yake, pili swichi ya kuzimia, tatu plagi. Plagi ya rangi ya udongo mkavu ni nzima. Iliyolowa petroli inaonyesha kuwa mafuta yamefika lakini hayakuwaka. Kavu kabisa, hayafiki. Cheche hupimwa kwa kugusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, huku kiki ikipigwa. Anayeishika kwa vidole vitupu hupata jibu haraka kuliko wenzake, tena kwa sauti.

Masika huja na mto Mkondoa. Mafuriko ya mto huo, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaling'oa hata reli ya kati. Ekzosi ya pikipiki haiwezi kuutisha. Injini ikizima majini isipigwe kiki. Pikipiki hutolewa nchi kavu, plagi ikafunguliwa, kisha kiki ikapigwa taratibu mpaka maji yatoke. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji na haina budi kumwagwa.

Anayetoka Mikumi mjini kuelekea Doma ana sababu ya ziada ya kuwa makini. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50, na simba hajui kusubiri fundi. Mafuta, breki, cheni na upepo wa matairi vikaguliwe mjini, kabla ya safari.