Lazima Bibi Afe

Riwaya za mapenzi za Wakristo wa Marekani, zile za nyakati mbili, huanza na msiba wa bibi. Lazima bibi afe. Asipokufa nani atapanda darini? Huko kuna sanduku la barua zilizofungwa utepe, na kwa miaka mia moja hakuna panya aliyezigusa. Panya wa Marekani wana adabu zao.

Mjukuu, aliyeachwa na mchumba na kuacha kusali, anasoma. Barua za mama yake bibi zinampeleka Chicago, 24 Julai 1915. Meli ya Eastland imejaza wafanyakazi wa Western Electric na watoto wao, wanakwenda pikiniki. Ikapinduka ingali imefungwa gatini, hatua chache tu kutoka nchi kavu, wakafa watu 844. Mojawapo ya sababu ni mashua za kuokolea maisha zilizoongezwa kwa fundisho la Titanic: ziliizidishia meli uzito juu. Kejeli hiyo haikumngoja mwandishi.

Naye mwandishi ana haraka. Kati ya hao 844 anamtaka mmoja, kijana azame na Biblia mkononi. Waliobaki ni maji ya kumzamishia. Sura inayofuata, mjukuu yuko makumbusho, na mhifadhi wa nyaraka ni mjane, anajua useremala, anakariri zaburi.

Nimesoma nne, nimelia zote nne. Ya tano nimeianza jana: tetemeko la San Francisco, 1906. Niko ukurasa wa pili, na bibi ameanza kukohoa.