Mteja Hakuomba Tabaka

Katika ugomvi wa mchoraji wa kompyuta na mteja wake, mara nyingi mwenye makosa ni yule anayepiga kelele zaidi, yaani mchoraji. Mchoro umekamilika, harusi imekaribia, mchoraji anatuma faili lenye mkia wa .clip au .procreate, kisha analala usingizi wa mtu aliyelipwa. Asubuhi anakuta ujumbe: "Haifunguki." Anajibu: "Jaribu tena." Mteja anajaribu tena kwa sababu ni muungwana, na faili linakataa tena kwa sababu halina uungwana. Hapo mchoraji huanza kulalamika kwamba watu wetu hawajui teknolojia.

Wanajua ya kuwatosha. Asiyejua ni aliyemletea mgeni sufuria, mwiko na mafiga, ilhali mgeni anangoja sahani ya pilau. Faili la .clip limeundwa kwa ajili ya programu ya kuchorea ya Clip Studio Paint, na la .procreate kwa ajili ya ile ya Procreate. Ndani yake mna tabaka zote za mchoro, pamoja na ile ya pua ya kwanza iliyofichwa kwa aibu. Simu ya mteja haina kazi na pua hiyo. Hata faili la .kra la programu ya bure ya Krita, ambalo kwa hakika ni furushi la zip lenye picha kamili ya PNG ndani, halisaidii kitu: nani atamfundisha shangazi wa bibi harusi kufungua furushi? Wapo wanaojidai wajanja, wakafuta mkia wa .clip na kuandika .jpg. Jina limebadilika, yaliyomo ni yale yale, na simu ikishindwa kulisoma faili, mteja ndiye anayeulizwa amelifanya nini.

Wachoraji hujitetea kwamba kugeuza faili huharibu kazi. Wana hoja, lakini nusu. JPEG, iliyosanifiwa mwaka 1992, hupunguza uzito wa picha kwa kutupa maelezo ambayo jicho halitayakosa sana; ukiibana mno, mistari safi huota ukungu. Tena haihifadhi sehemu angavu, ndiyo maana nembo nzuri hutua juu ya fulana nyeusi ikiwa na kisanduku cheupe ambacho hakuna aliyekiagiza. Kwa kazi hiyo ipo PNG, iliyotoka mwaka 1996 baada ya mzozo wa hataza ya mbinu iliyotumiwa na GIF: haitupi kitu, na palipo angavu huacha pabaki angavu. Cha muhimu ni kutoa nakala, huku faili la kazi likibaki salama kwako. Anayezishindilia tabaka zote kuwa moja, akahifadhi juu ya faili lake la pekee, asiisingizie JPEG siku mteja atakapoomba gauni libadilishwe rangi.

Wengine huogopa wizi: ukitoa PNG, wataichukua. Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake haiwezi kuwa kutuma faili la kazi, kwani atakayeweza kulifungua atapata picha pamoja na kila hatua ya kuitengeneza. Na anayeogopa wezi hana sababu ya kupakia mchoro kwenye tovuti ya kugeuza mafaili asiyoijua mwenyewe, wakati programu aliyochorea ina amri ya kutoa PNG bila malipo ya ziada. Akishaitoa, aitume WhatsApp kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida, hubanwa njiani.

Basi kabla ya kutangaza kwamba umemaliza, fungua mchoro kwenye simu isiyo na programu yako. Usipofunguka, kazi bado ni yako, hata kama malipo umeshayala.